Kompyuta ya Sun ya miaka ya 1990 inapokataa NetBSD: pa kuangalia kwanza

Simu uliyoshika mkononi, kama ni ya Android, inaendeshwa na Linux, kiini cha mfumo alichoanza kukiandika Linus Torvalds mjini Helsinki, Finland, mwaka 1991. Linux nayo imefuata nyayo za Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ndani ya Android kuna pia vipande vya programu vilivyotoka kwa ndugu wengine wa Unix, wale wa ukoo wa BSD. Kwa hiyo tunapozungumzia leo mashine za zamani na NetBSD, tunazungumzia babu na mashangazi wa simu yako.

Makala hii inafuatia maswali ya wasikilizaji wanaotaka kujua kama kompyuta kuukuu, zilizokwisha kutelekezwa na waliozitengeneza, zinaweza kuwekewa mfumo mpya, na kwa nini kazi hiyo mara nyingi hukwama. Tumechagua aina moja ili tueleze kwa undani: kompyuta za SPARCstation za kampuni ya Sun Microsystems. Mengi utakayosoma, hasa kuhusu betri, saa, diski na mtandao, utayakuta pia katika kompyuta nyingine za umri huo.

Mashine zenyewe

Sun ilianzishwa California mwaka 1982, na jina lake lilitokana na mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Haikuuza kompyuta za nyumbani. Iliuza wekstesheni, yaani kompyuta za kazi nzito za wahandisi, wanasayansi na wachoraji. SPARCstation 1 ilitoka mwaka 1989, bapa kama boksi la piza. SPARCstation 5 na 20 zilifuata mwaka 1994. Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, ya kwanza ndefu kuchorwa yote kwa kompyuta, ilipikwa picha kwa picha na SPARCstation 20 zipatazo 117 zilizounganishwa pamoja. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010.

Kwa vipimo vya leo ni mashine dhaifu. SPARCstation 5 ya kawaida ina prosesa ya megahezi 70, 85 au 110, na kumbukumbu yake haizidi megabaiti 256. Simu ya bei nafuu kabisa dukani inaizidi mara nyingi. Kwa nini basi mtu ahangaike nayo?

Wengine ni kwa mapenzi tu, na hatuoni aibu kusema hivyo. Lakini kuna sababu nzito zaidi. Mashine hizi ziliuzwa pamoja na vifaa ghali vya maabara. Vipimo vya Varian vya kuchunguza muundo wa kemikali kwa sumaku, kwa mfano, viliendeshwa na programu ya VNMR juu ya kompyuta za Sun. Kompyuta ikifa, kifaa kizima kinasimama. Na ndani ya diski za zamani kuna kazi za watu: vipimo, ramani, tasnifu, ambazo huenda hazina nakala nyingine popote.

Mfumo upi utafaa

Sun iliacha kuzihudumia SPARCstation zamani: Solaris 9 ndiyo ya mwisho inayokubali mashine hizi. OpenBSD nao waliacha baada ya toleo la 5.9 la mwaka 2016. Anayebaki ni NetBSD, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 1993 na unaojulikana kwa kuendesha karibu kila aina ya kompyuta. Toleo lake la 10, la mwaka 2024, bado linaingia kwenye SPARCstation.

Kosa la kwanza kabisa hutokea hata kabla ya kugusa mashine. Kuna NetBSD ya sparc na NetBSD ya sparc64. Ya kwanza ni ya SPARCstation. Ya pili ni ya mashine za Sun zilizokuja baadaye, zile zenye jina Ultra. Ukichukua isiyo yako, mashine itasoma kidogo kisha ikuambie kwamba faili iliyopakiwa haiwezi kuendeshwa, na utaanza kuilaumu diski isiyo na hatia. Hakikisha jina kwanza.

Usifute kabla ya kunakili

Hapa tunaomba usikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika makala hii. Kusakinisha mfumo mpya kunafuta uliokuwemo. Ukishaandika orodha mpya ya vipande vya diski na kuanza kumwaga mafaili, cha zamani kimekwenda, na hakuna kitufe cha kukirudisha.

Kama diski bado inazunguka, nakili yote kwanza. Njia ambayo haiigusi diski ni kuwasha mashine kwa NetBSD kupitia mtandao (tutaieleza chini) huku kompyuta nyingine ikitoa nafasi ya kuhifadhi, kisha kuandika amri hii:

dd if=/dev/rsd0c of=/mnt/diski.img bs=64k

Kwenye Sun, kipande kinachoitwa c ni diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo amri hiyo inachukua kila kitu. Mtandao wa mashine hizi ni wa megabiti 10 kwa sekunde. Ukipata megabaiti moja kila sekunde umebahatika. Diski ya gigabaiti moja itakula dakika 17 au zaidi, na ya gigabaiti mbili zaidi ya nusu saa. Vumilia. Diski ya umri huu inaweza kuwaka leo na kesho isiwake, kwa hiyo siku inapowaka ndiyo siku ya kunakili.

Kama mashine si yako, muulize mwenyewe kilichomo. Watu hutoa kompyuta kuukuu kama takataka bila kukumbuka kwamba kazi ya marehemu baba yao imo ndani.

Umewasha, hakuna picha

Wengi hukata tamaa hapa, na mara nyingi mashine ni nzima. Tundu la skrini la Sun lina mchanganyiko wa pini 10 ndogo na 3 nene, na picha yake hutoka kwa vipimo visivyozoeleka, kwa kawaida nukta 1152 kwa 900. Skrini ya kawaida, hata ukiiunganisha kwa kigeuzi, inaweza kukataa kuonyesha chochote. Kibodi nayo ni ya Sun pekee. Plagi yake ni ya duara yenye pini 8, na ya kompyuta nyingine haiingii.

Achana na skrini. Mashine hizi zina tabia nzuri: zikiwashwa bila kibodi, huanza zenyewe kuzungumza kupitia tundu la siriali, lile pana la pini 25 lenye alama A. Chomoa kibodi, unganisha kebo ya siriali, na upande wa pili weka kompyuta yoyote yenye kigeuzi cha USB. Kasi ni 9600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama. Simu ya Android inayokubali kebo ya OTG inaweza pia kufanya kazi hii kwa programu ya siriali, na ni faraja kuona simu ikimhudumia babu yake.

Usipoona herufi hata moja, shuku kebo. Inatakiwa iwe ya kupishana, waya wa kutuma wa upande huu uende kwenye waya wa kupokea wa upande ule. Kebo iliyonyooka inafanana nayo kabisa kwa macho. Ukiona herufi za ajabuajabu, basi kasi hazilingani.

Na jambo moja linalowachanganya wengi: ukichomoa kebo hiyo, au ukizima kompyuta ya upande wa pili wakati Sun inafanya kazi, Sun huweza kudhani umeiamuru isimame. Inaganda na kuandika neno ok. Haijaharibika. Andika go, itaendelea pale ilipoachia.

Hilo neno ok ndilo mlango wa mashine. Ni programu ndogo iliyochomwa ndani, inaitwa OpenBoot, na utaongea nayo sana. Kwa kibodi ya Sun unaifikia kwa kubonyeza Stop na A pamoja. Kwa siriali, unatuma ishara ya break.

Chipu iliyokufa betri

Tukiambiwa tutaje ugonjwa mmoja tu wa mashine hizi, tutautaja huu. Kwenye ubao mkuu kuna chipu nyeusi, nene kuliko wenzake, iliyokaa kwenye soketi. Imeandikwa MK48T02 katika SPARCstation za kwanza, na MK48T08 katika zile za baadaye kama 5 na 20. Ndani yake mna saa, kumbukumbu ndogo, na betri iliyofungwa humohumo ndani ya plastiki. Betri hiyo ilitengenezwa idumu miaka kama 10. Sasa imepita zaidi ya 30.

Betri ikifa, mashine haisahau saa tu. Inasahau yenyewe ni nani. Anwani ya kadi yake ya mtandao na namba yake ya utambulisho vimo humo. Ukiwasha utaona onyo kwamba yaliyomo kwenye IDPROM si sahihi, na anwani ya mtandao imekuwa ff:ff:ff:ff:ff:ff. Kwa anwani hiyo mtandao haufanyi kazi. Zaidi ya hapo, mipangilio ikivurugika mashine inaweza kuingia katika hali ya uchunguzi, ambapo hupima kumbukumbu polepole mno kisha inajaribu kuwaka kupitia mtandao badala ya diski. Mtu anaona diski imepuuzwa, anadhani diski ni mbovu, ananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Sisi wenyewe tumewahi kupoteza mchana mzima hivyo.

Kama mashine yako bado ina uhai kwenye betri, fanya hivi leo: andika neno banner mbele ya ok, na unakili kwenye daftari anwani ya Ethernet na Host ID unazoziona. Sababu ni kwamba programu nyingi za kulipia za wakati ule zilifungwa kwa Host ID. Ikipotea, programu ya maabara inayogharimu pesa nyingi itakataa kufunguka hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kama imeshapotea, tafuta stika kwenye chipu na kwenye kasha, na karatasi za zamani za leseni, kabla ya kubuni namba mpya.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuweka chipu nyingine ya aina hiyohiyo, lakini uwe mwangalifu: zinazouzwa kama mpya wakati mwingine zimekaa ghalani miaka mingi na betri yake iko ukingoni. Ya pili ni ya fundi mwenye mkono mtulivu: kukwangua plastiki kwa msasa au tupa mpaka miguu ya betri ionekane, kuikata betri ya zamani isiendelee kushika, kisha kuchomelea nyaya za kibebea betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3 inayouzwa dukani kwa ajili ya saa na rimoti. Baada ya hapo betri ikiisha unabadilisha kama ya tochi. Mashine iwe imechomolewa umeme, na usifungue kabisa boksi la pawa, kwa kuwa kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuzima.

Kisha unairudishia mashine kumbukumbu yake. Kwanza:

set-defaults
setenv diag-switch? false

Halafu unaandika baiti 16 za utambulisho, moja baada ya nyingine. Kila mstari una thamani, nafasi yake, na neno mkp. Namba zote ni za heksadesimali. Huu ni mfano wa SPARCstation 5, ambapo tarakimu 12, 34 na 56 utaweka zako mwenyewe:

1 0 mkp
80 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp
12 5 mkp
34 6 mkp
56 7 mkp
0 8 mkp
0 9 mkp
0 a mkp
0 b mkp
12 c mkp
34 d mkp
56 e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp

Thamani 80 katika nafasi ya 1 ni aina ya mashine. Katika mashine za kwanza ni tofauti: 51 kwa SPARCstation 1 na 55 kwa SPARCstation 2. Tarakimu 8, 0 na 20 ni za Sun, ndizo mwanzo wa anwani za mtandao za mashine hizi. Nafasi c, d na e ndizo zinazokamilisha Host ID. Mstari wa mwisho unakokotoa baiti ya ukaguzi kutokana na 15 zilizotangulia, na ukikosea mahali popote juu, hesabu itakubali tu kosa lako bila kukuonya. Kwa hiyo andika banner, ulinganishe na daftari.

Usipokuwa na chipu wala betri, mistari hiyo bado inafanya kazi, ila inadumu mpaka utakapozima umeme. Kwa kujaribu inatosha. Kwa mahali ambapo umeme unakatika mara mbili kwa siku, haitoshi.

CD inayosomeka kwingine, hapa haisomeki

Umechoma CD ya NetBSD, inasomeka vizuri kwenye kompyuta nyingine. Kwenye Sun unaandika boot cdrom na unapata makosa. Sababu ya kawaida ni ukubwa wa bloku. Kifaa cha CD cha kompyuta za kawaida hutoa data kwa mafungu ya baiti 2048. OpenBoot ya SPARCstation inatarajia mafungu ya baiti 512, kama ya diski. Vifaa vya Sun vilijua hilo. Baadhi ya vifaa vya SCSI vya Plextor, Toshiba na Pioneer vina kijiti kidogo cha kuhamisha ili vitoe 512. Visivyo na kijiti hicho havitawasha mashine hii, hata ukivisafisha lenzi mara kumi.

Angalia pia namba ya kifaa. Sun inategemea CD iwe namba 6 na diski ya kuwashia iwe namba 3. Amri ya probe-scsi itakuorodheshea vyote vilivyopo. Iandike mara baada ya kuwasha au baada ya reset, si baada ya jaribio lililoshindwa, maana inaweza kuigandisha mashine. Na vifaa vya zamani havipendi CD za kuandikwa mara nyingi. Tumia ile ya kuandikwa mara moja, ichomwe polepole.

Diski na mnyororo wa SCSI

SCSI ni waya mmoja wenye vifaa vingi vilivyofungwa kama shanga. Sheria ni mbili: kila shanga iwe na namba yake, na ncha zote mbili za uzi zifungwe kwa kizibo. Kizibo kikikosekana, mashine inaweza kuiona diski vizuri kabisa, isakinishe nusu, kisha ianze kutoa makosa yasiyoeleweka. Tatizo la kuja na kuondoka kwenye SCSI, anza na vizibo na kebo kabla ya kulaumu programu.

Kama diski imekufa, siku hizi watu huweka ubao mdogo, kama SCSI2SD au BlueSCSI, unaoigiza diski kwa kutumia kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Kazi inaenda, kelele inapungua. SPARCstation 5 na 20 zina plagi za ndani za pini 80, kwa hiyo utahitaji kigeuzi, na ukumbuke vizibo vilevile.

Diski iliyotoka kwenye kompyuta nyingine itakupa ujumbe wa "Bad magic number in disk label". Maana yake ni kwamba haina kichwa cha Sun mwanzoni mwake. Si ugonjwa. Programu ya kusakinisha ya NetBSD itakiandika unapogawa diski. Katika kugawa, kipande c kiache kama kilivyo, na kila kipande kianze penye mwanzo wa silinda.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu ni wa kikatili kwa sababu unaonekana siku nyingi baadaye. OpenBoot ya mashine za kwanza huisoma diski kwa amri fupi zisizoweza kufika mbali zaidi ya gigabaiti moja. Ukiweka kipande cha kwanza cha gigabaiti 4, mfumo utaingia na kuwaka bila shida, kwa kuwa kiini kimeangukia mwanzoni mwa diski. Siku ukikiboresha, faili jipya likaangukia ng'ambo ya gigabaiti ya kwanza, mashine haiwaki tena. Fanya kipande a kiwe kidogo, chini ya gigabaiti moja, na mengine yakae kwenye vipande vingine.

Kuwasha kupitia mtandao

Bila CD inayofaa, njia ni boot net. Unahitaji kompyuta nyingine ya Linux au NetBSD kwenye waya uleule, na kazi inakwenda kwa hatua tatu. Ukijua imekwama hatua gani, nusu ya tatizo imekwisha.

Hatua ya kwanza, Sun inapiga kelele mtandaoni: anwani yangu ya kadi ni hii, namba yangu ya IP ni ipi? Huu ni utaratibu wa zamani uitwao RARP, na msaidizi wako lazima awe anaendesha rarpd. Ukiona "Timeout waiting for ARP/RARP packet", hakuna aliyejibu. Endesha tcpdump kwenye msaidizi. Kama hata kelele haisikiki, tatizo ni waya au swichi, kwani baadhi ya swichi mpya hazijui tena kasi ya megabiti 10. Kama kelele inasikika na hakuna jibu, umekosea anwani kwenye orodha ya rarpd. Na kelele hii haivuki ruta. Ukiona "Lost carrier", waya haujashika, au mashine inatazama tundu lingine la mtandao.

Hatua ya pili, Sun inaomba faili kwa TFTP, na jina la faili ni namba yake ya IP kwa heksadesimali, herufi kubwa, pamoja na aina ya mashine. Mwenye 192.168.1.10 ataomba C0A8010A.SUN4M, au .SUN4C kwa mashine za kwanza. Herufi moja ndogo ikichanganyika, hakuna kitu. Ikifaulu utaona tarakimu zinapanda kwenye skrini. Zisipopanda, hakikisha ukuta wa ulinzi wa msaidizi haujafunga poti 69.

Hatua ya tatu, kipakiaji kilichofika kinatafuta kiini na mafaili mengine kwa NFS. Hapa makosa karibu yote ni ya ruhusa: folda haijafunguliwa kwa mashine hiyo, au imefunguliwa bila ruhusa ya mzizi. Soma kumbukumbu za msaidizi. Sun haitakueleza mengi.

Mfumo umeingia, inaonekana imeganda

Mara ya kwanza kuwaka, NetBSD hutengeneza funguo za siri za kuingilia kwa mbali. Simu yako ingemaliza kwa sekunde. Prosesa ya megahezi 85 inaweza kukaa dakika nyingi bila kuandika neno. Usizime. Kuzima wakati huo kunaacha mafaili nusunusu na kazi inaanza upya. Kama taa ya diski inapepesa au mashine inaitikia ping, iache ifanye kazi yake, nenda kachote maji.

Ukiona onyo la kukagua na kurekebisha tarehe, ni ile chipu tena. Usilipuuze, kwa sababu tarehe ya zamani inafanya vyeti vya tovuti salama vionekane si halali, na vifurushi vya programu vinakataa kushuka huku mtandao ukiwa mzima. Weka tarehe kwa mkono, mwaka, mwezi, siku, saa na dakika bila nafasi:

date 202506151430

Kumbukumbu ikiwa ndogo, punguza huduma zinazoanza zenyewe, na usijaribu kivinjari cha kisasa. Moduli za kumbukumbu za mashine hizi ni za aina yake, si zile za kompyuta za kawaida, na ukipata za ziada anza kujaza nafasi namba 0. Baada ya hapo zima mashine kwa amri ya shutdown -p now, subiri ok irudi au taa izime, uwashe tena kwa boot disk, uangalie kama anwani ya mtandao na saa vimebaki. Kama vimebaki, betri imeshika.